Maneno Ambayo Hayajatumika

Mwaka 2003 wakazi wengi wa Dodoma walikwenda intaneti kafe kutafuta kitu fulani. Castory alikwenda kwa sababu kafe ya dada Edina, karibu na Soko la Majengo, ilikuwa na feni inayofanya kazi, na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta haulizwi anafanya nini mjini. Alilipia nusu saa, akavuta kiti, akakuta mteja aliyemtangulia ameacha ukurasa wazi.

Ukurasa huo ulikuwa wa Mlango wa Biashara, orodha ya wafanyabiashara wa Tanzania iliyoanzishwa na watu wa Dar es Salaam. Ulisema hivi: kujiandikisha ni bure. Sharti ni moja tu. Maelezo ya biashara yawe halisi, yaandikwe kwa maneno ya mwenyewe. Yaliyonakiliwa kwa mwingine hayatapokelewa.

Mtu mwingine angesoma neno "bure" akafurahi. Castory alilipita bila kulisalimia, akaenda kukaa kwenye neno "halisi".

"Dada Edina," akaita, "hawa wanaposema halisi wana maana gani?"

"Usiibe maneno ya mwenzako," alijibu Edina, ambaye alikuwa ametumikia serikali miaka ishirini kama mpiga chapa kabla ya kupunguzwa kazini na kununua kompyuta nne kwa kiinua mgongo chake.

"Na watajuaje kama yameibwa?"

"Yuko dada Dar anayasoma yote yanayoingia."

"Yote?"

"Ndiyo kazi yake, Castory. Wengine wana kazi."

Castory hakuumia. Alikuwa akifikiria makochi.

Lazima tueleze makochi yanaingiaje. Miezi minne nyuma, kwenye foleni ya kupiga picha za pasipoti, Castory alikutana na msichana anayeitwa Anjelina, na mtu huyu ambaye kwa miaka kumi hakuwahi kusema ukweli kabla ya saa sita mchana akajikuta anamtajia jina lake kamili. Alimpenda. Tunalisema hilo waziwazi mapema, maana mbele ya safari litafanana na mzaha, na halikuwa mzaha. Sasa baba yake Anjelina, Mzee Filipo, mkaguzi wa shule mstaafu kutoka pande za Mpwapwa, alikuwa ametuma salamu kwamba baada ya wiki tatu atakuja kuiona nyumba atakayokaa binti yake. Akiridhika, uchumba upo. Asiporidhika, binti anarudi nyumbani. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya kupanga Chang'ombe, na ndani yake mlikuwa na mkeka, ndoo, na redio isiyo na betri.

Kabla ya jua kuzama Castory alikuwa ameshachongesha mhuri. Ulikuwa wa duara, una nyota pembeni, na katikati neno moja: HALISI.

Msomaji asiyeujua mji wetu atauliza mhuri wa nini. Dodoma ni mji wa ofisi. Hapa mtu akiwa na cheti chake cha kuzaliwa mkononi, kile kile alichopewa mama yake, anaambiwa akatoe nakala, aipeleke kwa wakili igongwe mhuri kwamba ni sawa na halisi, kisha arudi na nakala. Cheti chenyewe hakuna anayekitaka. Watu wamekwishazoea, na wala hawaoni ajabu. Castory aliwajua watu wake.

Alianzia Kizota, kwa fundi Ludovick, seremala mpole mwenye karakana ya mabati na seti ya makochi ya mninga iliyokosa mnunuzi tangu Pasaka.

"Fundi, mtu wa Arusha akitaka kochi anakupataje?"

"Anauliza."

"Anamuuliza nani?"

"Watu."

"Siku hizi watu hawaulizwi, fundi. Inaulizwa kompyuta. Wabunge wanauliza kompyuta. Wazungu wa miradi wanauliza kompyuta. Na kompyuta inasema Kizota hakuna seremala."

Ludovick aliweka randa chini. "Iambie nipo."

"Ndicho kilichonileta. Ila wanataka maelezo."

"Basi andika: natengeneza makochi mazuri kwa bei nafuu."

Castory alifumba macho kidogo, kama mtu aliyepewa habari ya msiba. "Hayo yameshatumika."

"Nimeyatumia mimi mwenyewe. Yapo pale kwenye kibao."

"Ndiyo hivyo sasa. Umeyatumia. Wao wanapokea ambayo hayajatumika."

"Kwani maneno yanakwisha?"

"Dar yamekwisha kabisa. Huku kwetu bado yapo kidogo, kwa anayejua pa kuyatafuta."

Akatoa bahasha mfukoni. Ndani mlikuwa na karatasi moja yenye mhuri wa rangi ya buluu na maneno haya: *Sisi ni watu wa kuaminika. Tunajali kila mteja, na kwetu utajisikia uko nyumbani.* Castory alikuwa ameyatoa kwenye kalenda ya ukutani ya mwaka 1994, ya kampuni moja ya mabasi iliyokufa mwaka 1995.

Ludovick alisoma midomo ikicheza. Aliporudia mara ya pili macho yalikuwa yamemlegea.

"Umejuaje?" akauliza. "Hili la kujisikia uko nyumbani. Ninapopiga randa huwa nawaza hivyo hivyo, ila sijawahi kumwambia mtu."

"Ndiyo kazi yangu," alisema Castory. "Sasa sikiliza. Usimwonyeshe yeyote mpaka Dar wajibu. Kila jicho linalosoma linapunguza uhalisi."

Jioni hiyo makochi ya mninga, ndiyo malipo ya karatasi, yaliingia Chang'ombe kwa mkokoteni.

Aliyefuata alikuwa Mama Dorothea, mjane mwenye gesti ya vyumba sita na kitanda kipya cha futi tano kwa sita alichokuwa hajakipangia chumba. Mhuri wake ulikuwa wa zambarau. Alisoma, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Kuaminika," alisema. "Tangu baba watoto afariki hakuna aliyeniambia hivyo. Nisimwonyeshe hata mchungaji?"

"Mchungaji anahubiri, mama. Jumapili mchana yangekuwa yamekwisha."

Kitanda kiliondoka na godoro lake.

Wa tatu alikuwa Mudrick, Mrangi wa Kondoa mwenye duka la mazulia na mapazia. Castory alimwita Alhaji. Mudrick hakuwa amefika Makka, lakini hakumsahihisha.

"Zulia moja kwa mistari miwili?" alisema Mudrick. "Punguza, bwana mdogo."

"Nipunguze mstari upi, Alhaji?"

Mudrick aliisoma karatasi yenye mhuri wa kijani, akatafuta neno la kutoa. Hakuliona. Kila alilotaka kulifuta lilikuwa linamsema yeye. Alitoa zulia, na mapazia akayaongeza mwenyewe bila kuombwa, jambo ambalo duka lile halikuwa limelishuhudia tangu lifunguliwe.

Castory alipeleka kwa Edina nakala za karatasi zile tatu, nazo zimegongwa mihuri, zitumwe. Edina aliziangalia.

"Hizi zote ni kitu kimoja."

"Majina ni tofauti. Na mihuri ni rangi tatu."

"Mhuri hauendi kwenye mtandao, Castory."

"Wewe tuma, dada."

Edina alituma. Miaka ishirini serikalini alikuwa amepiga chapa aliyopewa, na hakuona sababu ya kubadili tabia kwa mteja wa nusu saa.

Mzee Filipo alifika siku aliyosema, amevaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi, fimbo mkononi, Anjelina nyuma yake. Castory alimwamkia shikamoo mara mbili kwa woga. Mzee alikalia kochi, akayumba kushoto, akayumba kulia. Kochi lilinyamaza. Akaenda chumbani akalibonyeza godoro kwa kidole gumba. Akavua kiatu kimoja akalikanyaga zulia.

"Nimekagua shule mia mbili," alisema. "Nyumba ya kijana yenye mpango kama huu sijaiona."

Anjelina alikuwa amesimama dirishani ameshika pazia. "Umehangaika sana, Castory," alisema kwa sauti ndogo.

"Tuje kwenye mahari," alisema Mzee Filipo. "Kwetu ni ng'ombe. Unao?"

"Hapana, mzee."

"Nilijua. Kijana wa mjini nikimdai ng'ombe ataniletea maneno. Mimi si mtu wa kukomoa. Nitapokea vitu hivi hivi. Shangazi zake wavione kwa macho yao, roho zitulie. Wewe una mkono wa kutafuta, utapata vingine."

Hapo ndipo Castory alipomwona mzee kuwa mjinga. Vitu hivi vilikuwa vimemgharimu karatasi tatu na wino. Mji ulikuwa na maseremala wengine, gesti nyingine, Warangi wengine wenye mazulia. Kwa hesabu yake alikuwa anaoa kwa mistari miwili ya kalenda. Alikubali upesi, akashika mwenyewe ncha ya kitanda wakati wa kupakia kwenye gari alilokuja nalo mzee.

Kabla ya gari kuondoka, Mzee Filipo alimkabidhi bahasha. Ilikuwa barua ya familia ya kukubali posa, imeandikwa kwa mwandiko wa kalamu ya wino, imegongwa mhuri wa kijiji. Anjelina angeletwa na shangazi zake Jumamosi ya pili. Castory aliisoma barua hiyo kila asubuhi akiwa amelala kwenye mkeka, na hatumcheki.

Siku ya nane baada ya gari kuondoka, Dar walijibu.

Ludovick, Mama Dorothea na Mudrick walikuwa na kawaida ya kupitia kafe kuuliza, kila mmoja kwa siri na saa yake. Siku hiyo saa ziligongana. Edina alikuwa ameshachapisha jibu, na kwa kuwa lilikuwa moja kwa wote, akalisoma kwa sauti.

"Ndugu waombaji. Maelezo yenu hayakupokelewa. Yanafanana neno kwa neno yenyewe kwa yenyewe, na pia yanafanana na kalenda iliyopo sebuleni kwa bibi yangu Tabora. Asanteni."

Walifungua bahasha zao, wakazilaza karatasi mezani zikiwa tatu pamoja.

"Mama," alisema Ludovick kwa uchungu, "umeyatoa wapi maneno yangu?"

"Yako? Kujisikia uko nyumbani ni habari ya kulala. Kuna mtu analala kwenye karakana yako?"

"Kuaminika ni yangu," alisema Mudrick. "Hiyo msiiguse. Mwulizeni yeyote Kondoa."

Waligombana robo saa nzima kabla Edina hajawaomba wafikirie nani aliyewauzia. Wakaondoka kwa pamoja kwenda Chang'ombe.

Castory aliwapokea kwa heshima akawakaribisha wakae. Hapakuwa na pa kukaa. Waliuona mkeka, wakaiona ndoo, wakaiona redio.

"Kochi langu liko wapi?" aliuliza Ludovick.

"Lipo Mpwapwa kwa mkwe wangu. Lipo salama, fundi. Nimeoa. Jumamosi mke wangu anafika, na mimi nitawarudishia kila kitu taratibu, nawaapia. Yule mzee ni mtu wa heshima. Barua hii hapa, someni."

Hakuwa anadanganya. Alikuwa amewatolea kitu pekee alichokuwa anakiamini. Mama Dorothea aliipokea akaisoma kwa sauti.

"*Kijana wetu mpendwa Castory. Familia imekaa na imeridhika. Tangu siku ya kwanza tuliona kwamba wewe si kama vijana wengine. Binti yetu hajawahi kumtaja mtu kwa furaha kama anavyokutaja wewe...*"

Ludovick aligeuza ndoo akaikalia. Alitoa pochi, na ndani ya pochi akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Aliikunjua akampa Mudrick.

"*Kijana wetu mpendwa Ludovick,*" alisoma Mudrick. "*Familia imekaa na imeridhika. Tangu siku ya kwanza tuliona kwamba wewe si kama vijana wengine.*" Akautazama mhuri. "Mwaka juzi hii. Mhuri ule ule."

"Nilitoa vitanda viwili na kabati la milango mitatu," alisema Ludovick. "Sikumwambia mtu. Niliona aibu."

Castory alizichukua barua mbili akaziangalia moja baada ya nyingine. "Labda," alisema, "mzee ana mabinti wawili."

"Na wote Anjelina?" aliuliza Mama Dorothea, akilionyesha jina hilo katika barua zote mbili.

Castory aliumia. Maishani mwake alikuwa amepoteza vitu vingi, ila vingi havikuwa vyake. Hiki alidhani ni chake. Alikaa chini kwenye mkeka akaficha uso.

Hatimaye likaja suala la polisi.

"Twende," alisema Mudrick. "Tukaeleze."

"Tukaeleze nini?" aliuliza Mama Dorothea. "Kwamba tulinunua maneno?"

Waliwaza jinsi askari wa zamu atakavyoliandika hilo kwenye kitabu chake, na jinsi atakavyomwita mwenzake aje asikie. Wakaamua Castory alipe kwa kazi ile ile aliyoahidi. Wakamfuata nyuma hadi kafe kama mfungwa, wakamkalisha mbele ya kompyuta.

Alikaa mikono imelala juu ya vitufe. "Sijui niandike nini," alisema. "Kila kitu kimeshasemwa."

"Andika kitu ambacho nikifuta jina la fundi nikaweka la Mama Dorothea, kinageuka uongo," alisema Edina. "Yule dada wa Dar hataki zaidi ya hapo."

Castory alifikiria. Kisha akaandika, kwa kidole kimoja:

*Fundi Ludovick wa Kizota anatengeneza makochi ya mninga. Moja nililikalia siku kumi na mbili, halikulia wala kuyumba. Mkono wa kushoto wa kochi hilo una fundo la mti lenye umbo la sikio. Fundi alikataa kulipaka rangi, akasema mti ndivyo ulivyozaliwa. Nimewahi kuwa na vitu vingi, hicho ndicho ninachokikumbuka.*

*Gesti ya Mama Dorothea ina vyumba sita. Maji ya bomba yanakatika saa mbili asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri mama mwenyewe anakuwa ameshachemsha ndoo sita.*

*Mudrick wa mazulia atakataa kupunguza bei mara tatu. Usiondoke. Ya nne atapunguza.*

"Hiyo ya kwangu ni siri ya biashara," alilalamika Mudrick.

"Ni kweli au si kweli?" aliuliza Edina.

Zikatumwa. Baada ya siku tatu Dar wakazipokea zote, na yule dada akaongeza kwa mkono wake kwamba angependa kujua hilo kochi linauzwa wapi. Jumamosi ya shangazi ikafika, ikapita. Hakuna shangazi aliyeonekana. Castory alikuwa amefagia hata hivyo.

Wiki iliyofuata Edina alituma mtu akawaite wote wanne. Ilikuwa imeingia barua pepe kutoka Singida, kwa mtu anayeitwa Raphael, bwana mifugo.

"*Fundi, salamu,*" alisoma Edina. "*Nimesoma habari zako kwenye mtandao nikashangaa, maana kochi lenye sikio nimelikalia juzi hapa Singida, kwa baba mkwe wangu mtarajiwa. Ni zuri kupita maelezo. Naomba unitengenezee seti kama ile upesi. Jumamosi ijayo saa nne mzee anakuja kukagua nyumba yangu, na mimi sina kitu. Mchumba wangu Anjelina anapenda sana makochi.*"

Ludovick alimtazama Castory. Castory alikuwa ameshavuta kiti. Aliandika kwa muda mrefu, na hakuna aliyemwambia aandike. Alimweleza Raphael kila kitu: vitanda, kabati, makochi, zulia, barua mbili. Alimwambia asitoe hata kijiko. Wale waliomjua watashangaa, ila alimwonea huruma mtu yule, na wivu pia alikuwa nao, vyote viwili kwa wakati mmoja.

Jibu lilikuja kabla nusu saa haijakwisha.

"*Ndugu, nimekuelewa. Mzee alinionya kwamba watajitokeza watu wa kunionea kijicho. Alijua mapema kwa sababu ni mtu mwenye hekima, na ameniandikia mwenyewe kwamba mimi si kama vijana wengine. Naomba bei ya kochi.*"

Walilisoma mara mbili.

"Seti ninayo karibu kumaliza," alisema Ludovick taratibu. "Bado vitambaa tu."

"Kitambaa kipo dukani," alisema Mudrick. "Na ndugu yangu ana lori dogo, kenta."

"Alisema mkwe anafika saa ngapi?" aliuliza Ludovick.

"Jumamosi saa nne," alisema Edina.

"Basi mwandikie, Castory. Mwambie kochi litafika Jumamosi saa tatu. Mwambie tutalileta wenyewe, na tutalikalia kidogo kuhakikisha halilii," alisema Ludovick.

Castory aliandika hivyo hivyo, neno kwa neno, akabonyeza kutuma.

"Na mimi naenda," alisema Mama Dorothea. "Kuna godoro langu kule."

Walianza kupangana nani akae mbele kwa dereva na nani akae nyuma na makochi. Castory hakushiriki. Alibaki ameikabili kompyuta iliyokuwa imemaliza muda wake.

"Na wewe," Edina alimwuliza, "ukimkuta yule msichana utamwambia nini?"

Castory alisimama, akakirudisha kiti mahali pake.

"Bado natafuta," alisema.

"Utatafuta njiani," alisema Mama Dorothea. "Singida ni mbali."